Bangili Haijui Ramadhani

Sheria inamtaka kila aliyevuka miaka sitini avae bangili ya afya. Siku hiyo, alasiri, Bi Riziki alikuwa akikoroga uji wa futari. Njaa ilikuwa imemsafisha kichwa, hata sauti ya marehemu mumewe akaisikia waziwazi. Ghafla bangili ikamchoma sindano. Sukari ikaingia damuni, sauti ikapotea.

"Umenivunjia saumu tena," alifoka.

"Ubongo wako ulikuwa hatarini," bangili ilijibu kwa upole.

Zuhura, bintiye, akasema, "Mama, Mungu anajua nia yako."

"Mungu anajua. Hili dude ndilo halijui."

Hata hivyo alijizuia mpaka adhana ya magharibi, akainua tende.

"Sukari yako inatosha," bangili ilisema. "Tafadhali usile."

Zuhura akaitoa ile tende mkononi mwa mama yake, taratibu.