Nywele Kwenye Kiota

Sapar aliikuza picha. Ndege mdogo alikuwa akisuka kiota kwenye tawi lililoinamia bwawa. Ndani ya sufu ya kondoo mlipita nywele nyeusi ndefu, bado zimefungwa uzi mwekundu.

Mkewe akamnyang'anya kamera. “Baba Begimai! Nywele zilizomnyonyoka mtoto kwa zile dawa za saratani, si nilikwambia uzizike?”

“Ardhi ilikuwa imeganda. Nikazifukia kwenye theluji.”

“Mwanamume wewe! Ndege akisuka kiota kwa nywele za mtu, mwenyewe haachi kuumwa kichwa. Sasa mwanangu kichwa kita…”

Akaziangalia tena zile nywele.

Wiki ile ile ya theluji, wanaume sita walikuwa wameipasua ardhi hiyo kwa sururu, wakamlaza Begimai kaburini.

Ndege akarudi kiotani.

Mkewe akamrudishia kamera. “Mpige tena,” akasema. “Sogea karibu, nywele zionekane.”