Katuni ya Leo Haina Bibi

Siku hizi mashine ya shule humchorea kila mtoto wa darasa maalumu katuni ya siku yake, ikamletea nyumbani asubuhi. Mjukuu wangu Tunu hawezi kuanza jambo bila kuiona picha yake: hapa unapiga mswaki, hapa unapokea uji kwa Bibi. Kisichochorwa, kwake hakipo.

Tangu jana, kwenye katuni hiyo, pale ninapokaa mimi pamebaki peupe. Namshikia kikombe, ananipita kama anavyokipita kiti. Siku ya pili hii hajatia kitu mdomoni.

Nikampigia simu Mwalimu Rehani.

"Mashine haikosei, Bibi," akasema kwa upole. "Huchora watakaokuwepo."

"Mbona nipo, na mdomo ninao!"

"Bibi, unajisikiaje?"

"Njaa ya mtoto ndiyo naisikia, mwanangu." Nikakata simu.

Nikachukua kipande cha mkaa. Shuleni, somo la kuchora nilipata mbili kwa kumi, na hizo mbili nilionewa huruma. Nikajichora pale peupe nikiwa na kikombe. Nikajiongezea na meno mawili, nani atajua? Nikatoka kama mbuzi aliyevaa kanga.

Tunu akaitazama picha. Akanyoosha mkono, akapokea kikombe, akanywa uji wote. Nikalia kwa furaha kama mjinga, nikamwita kwa jina.

Hakugeuka. Alimgusa yule mbuzi wangu shavuni kwa kidole.

"Asante, Bibi," akamwambia.