Pumzi Isiyosikika

Tarehe tisa Mei kulikucha kwa mvua kubwa iliyopiga mabati ya wodi ya watoto, kisha ikakatika ghafla. Ndipo Dorika aliposhtuka: mwanawe Joramu hakoromi!

Miaka minne tangu azaliwe, mtoto huyo alikoroma kila pumzi na kupaliwa kila tonge, na watu wakasema ni pumu. Hatimaye daktari mmoja akamwonyesha Dorika kwenye picha mshipa mkubwa wa damu, umezunguka njia ya hewa na ya chakula, umezibana kama pete kwenye kidole kilichovimba. Wiki iliyopita walimpasua, wakaikata pete ile.

Dorika akamtikisa mguu. "Joramu! Yesu wangu, Joramu!"

Mtoto akafumbua macho, akakunja uso. "Mama! Si nimelala?"

Akalala tena. Kimya kikarudi, na Dorika akamtikisa tena.

Wodi nzima ikaangua kicheko. "Mama Joramu, utamuua mtoto kwa kumnyima usingizi!" akasema Sista Yunisi, muuguzi. "Amepona huyo. Hivyo ndivyo watu wanavyopumua."

"Bwana asifiwe!" Dorika akalia na kucheka kwa pamoja. "Kumbe pumzi haina sauti!"

"Ahidi, mama," Joramu akadai. "Wote wasikie."

Dorika akainua mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa juu ya tumbo la mtoto, ukipanda na kushuka polepole.

"Mbele za Mungu, na mbele ya Sista na akina mama wote humu, sitakuamsha tena."