Kidhibiti Mwendo

Hakimu wa mahakama ya jiji alimpa mume wangu mambo mawili achague: afungwe miezi mitatu kwa kuendesha gari kasi, au atiwe kidhibiti mwendo miguuni, kama kile cha mabasi, maisha yake yote, arudi nyumbani siku hiyohiyo. Yeye akababaika. Nikasimama kule nyuma nikamjibia: "Mtieni, mheshimiwa. Mimi namtaka nyumbani."

Alitoka mahabusu akitembea kama bibi harusi. Nilicheka, nikalia, nikamkumbatia palepale getini.

"Ahsante, Mama Tunu," aliniambia akila wali. "Kule ndani hakufai."

"Kula, baba. Yamekwisha."

Jioni binti yetu Tunu alitaka wakimbizane uani, kama zamani. Akamshinda baba yake, akashangilia mpaka majirani wakachungulia. Kisha akageuka, akamwona bado yuko mlangoni, anavuta hatua.

Tunu hajakimbia tena tangu siku ile. Mimi sijuti, mume ninaye. Lakini jana mvua kubwa ilianza ghafla, nikawaita waingie ndani. Tunu alikuja taratibu, kalowa chapachapa, kamshika baba yake mkono.