Orodha ya Watakaoacha Shule

Siku hizi mwanafunzi wa uzamili haendi tena shuleni kukusanya data. Maktaba ya chuo, inayoendeshwa na akili bandia, hutabiri majibu yenyewe. Sikudhani, mwalimu aliyekuwa akisomea uzamili wa elimu, aliiuliza ni watoto gani wa darasa la pili wilayani kwake watakaoacha shule. Ikampa majina arobaini. La tisa lilikuwa la bintiye, Tunu.

"Umekosea," aliiambia.

"Naweza kukuonyesha vyanzo," maktaba ikajibu kwa upole.

Hakuthubutu kuviona.

Jioni Tunu alimsomea hadithi, akakwama kwenye neno moja.

"Mama, mbona unaniangalia hivyo?"

"Endelea tu, mwanangu."

Tunu akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini, na Sikudhani akajikuta anahesabu makosa yake.