Buibui wa Kiti cha Ambakisye

Kila mwisho wa mwezi, kila nyumba ilitakiwa kutoa buibui wake, kwani nyuzi zao ndizo zilizoshikilia madaraja ya nchi. Tumwitike alikuwa akiwatoa bila neno. Lakini leo ilikuwa Halowini, siku ambayo watu husema buibui aingiaye nyumbani ni marehemu aliyekuja kuwaona watu wake, na mmoja alikuwa ametanda utando juu ya kiti cha mumewe, Ambakisye, waliyemzika Juni.

Mkusanyaji alikuwa shemeji yake, Lusajo. Alifungua chupa yake.

“Shemeji, usinipe tabu. Kaka aje na miguu minane? Hata miwili ilikuwa imemshinda.”

“Ndiyo maana kaongezewa,” alisema Tumwitike, akakaa kwenye kile kiti na kuweka mkono juu ya egemeo.

Buibui akateremka. Taratibu akauzungushia uzi mkono ule, akaufunga pamoja na egemeo. Tumwitike hakutikisika. Lusajo aliposhika uzi kuukata, ulimchana kidole. Asubuhi hiyo alikuwa amevuka mto juu ya uzi kama huo, na lori zima la mizigo nyuma yake.

“Nitarudi na mkasi wa serikali.”

“Rudi nao. Utaanza na mkono wangu.”

Alipoondoka, Tumwitike alijaribu kuuinua mkono ili akateleke chai. Uzi haukulegea. Ulikaza kidogo, kama mtu anayekushika usiondoke.

“Haya, baba,” alisema. “Nimekaa.”