Kikombe Kiko Wapi?

"Kikombe kiko wapi?" wifi yake mshonaji aliuliza kwa Kiingereza, akikigonga kwa kijiko.

"In meza," akajibu mshonaji, macho hayatoki kwenye pindo.

Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "In! Kwani kimezama kwenye mbao kama msumari? On, mama wee, on! Haya, na kaka yangu yuko wapi?"

"On ng'ambo."

"Kapanda juu yake kama kuku juu ya paa! Ala!"

Mume alikuwa ameondoka siku nyingi, sasa amepata nyumba huko. Mkewe angemfuata akifaulu mtihani wa Kiingereza. Akianguka, hakuna viza. Alikwishaanguka mara mbili, zote palepale, kwenye vile vineno vya mahali: in, on, at. Yeye alisema mezani, njiani, nyumbani, akamaliza.

"Watoto wa chekechea wanavijua," wifi alisema. "Hivi kaka yangu alioa kichwa au kibuyu?"

"Alioa fundi. Na wateja wangu nitamwachia nani?"

"Wateja! Kibanda cha mabati na cherehani kimoja, ndiyo unayoiita kazi? Kule utakaa ndani, upike, umngoje mumeo. Mwanamke anataka nini tena?"

Mshonaji alikata uzi kwa meno.

Siku ya mtihani wifi alimsindikiza mwenyewe, akamngoja mlangoni.

"Enhe?"

"Nimeanguka, wifi."

"Jiwe lina nafuu!" Akampigia kaka yake simu palepale, watu wote wakisikia. "Huyu sahau, kaka. Hafundishiki. Tafuta mwingine mwenye akili." Akaondoka bila hata kuaga.

Mshonaji akaenda zake kibandani, akafungua kufuli. Kabla hajakaa sawasawa, mgeni mmoja akasimama mbele yake, jasho linamtoka, kikohozi kimembana, akiuliza kwa Kiingereza duka la dawa liko wapi.

Akamwelekeza kwa Kiingereza hichohicho, haraka kama anayehesabu vifungo: pale kwenye kona, ndani ya jengo jeupe, ghorofa ya pili, dawa ya kikohozi iko juu ya rafu ya kushoto. Kila mahali aliweka kineno chake, na hakukosea hata kimoja.

Kisha akaingiza kitambaa chini ya sindano, akakanyaga cherehani huku akipiga mluzi.